Leseni ya wakala wa bima umeipata. Sasa unaanzia wapi?

Neno "wakala" limetuchanganya. Mwambie mtu wa Mbagala kwamba umekuwa wakala, na picha itakayomjia ni kibanda, mwavuli, simu mbili mezani na daftari la miamala. Kwa hiyo mtu akishamaliza masomo ya cheti cha bima na leseni ya TIRA, msimamizi wa bima nchini, ikatoka, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta fremu, kubandika bango na kukaa kusubiri wateja. Miezi mitatu ikipita, kodi ya fremu imemmaliza, wateja aliowapata ni shemeji yake na jirani mmoja mwenye Vitz, na kijiweni wameshaanza kusema bima hailipi.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na simu ninazopokea kutoka kwa mawakala wapya zinafanana. Wateja nawapata wapi? Kamisheni yangu mbona ndogo? Mteja kagonga, kampuni inasema haimtambui, nifanye nini? Karibu maswali yote haya yanatokana na kutojua leseni ile inakufanya uwe nani hasa.

Tuanze na bima yenyewe. Mtaani mtu akifiwa, kaya hamsini zinachanga. Hakuna anayetoa nyingi, lakini zikikusanywa zinatosha sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Bima ni mchango wa aina hiyo, ila watu wanachanga kabla jambo halijatokea, kiasi cha kila mmoja kinapigiwa hesabu kulingana na hatari aliyonayo, na masharti yote yameandikwa. Anachochanga mteja kinaitwa ada ya bima. Anacholipwa akipata hasara ni fidia. Anayekusanya, kuitunza hela na kulipa ni kampuni ya bima.

Wewe uko wapi hapo? Wewe ni mshenga. Mshenga akienda kwa wazazi wa binti, maneno yake yanachukuliwa kuwa maneno ya waliomtuma. Akiahidi ng'ombe watano, familia ya kijana ndiyo itakayodaiwa. Wakala wa bima ametumwa na kampuni iliyomteua, anazungumza kwa niaba yake, na anachomwambia mteja kinaweza kuifunga kampuni au kumwingiza yeye mwenyewe matatani. Dalali wa bima ni mtu mwingine kabisa, na tusimchanganye na dalali wa vyumba. Yeye anasimama upande wa mteja: anazunguka kwenye kampuni mbalimbali, analinganisha bei na masharti, kisha anamshauri mteja wake. Mteja akikuuliza "wewe uko upande gani?", mjibu ukweli. Umetumwa na kampuni, na kwa sababu hiyo hiyo una wajibu wa kutomdanganya.

TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inafanya kazi chini ya Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009. Inatoa leseni, inasimamia kampuni, madalali na mawakala, na inaweza kukunyang'anya leseni hiyo. Haikuajiri, haikulipi, wala haikutafutii wateja. Naona ajabu jinsi wengi wanavyodhani kwamba leseni ikishatoka kuna mahali wataitwa.

Pengine tumeirithi dhana hiyo. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ikawa mikononi mwa dola hadi miaka ya 1990, sekta ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Kwa kizazi kizima, aliyetaka bima alijua aende wapi. Leo kampuni ni zaidi ya 30, na tangu TIRA ilipotoa mwongozo mwaka 2019, benki nazo zinauza bima kaunta. Mteja ana pa kwenda pengi. Ukikaa kwenye fremu, atakupita.

Hela inayopita mkononi mwako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mawakala wapya wengi wanapoangukia.

Wakala wa fedha za simu anaweka mtaji wake, ile tunayoiita floti. Ikipungua anaongeza, ikizidi anatoa, ni yake. Kwenye bima hakuna floti. Chukua bima ndogo ya gari binafsi, ile ya lazima kisheria: ada Sh100,000, ongeza VAT ya asilimia 18, mteja anatoa Sh118,000. Katika hizo, Sh18,000 ni kodi ya serikali na Sh100,000 ni ada ya kampuni. Yako haimo humo, mpaka kampuni itakapokulipa kamisheni.

Sasa fikiria Jumatatu. Mteja kakupa taslimu kwa sababu ana haraka. Nyumbani mtoto ana homa. Unachukua Sh50,000, unajiambia kamisheni ya Ijumaa itaziba pengo. Mteja ameondoka akiamini gari lake lina bima. Jumatano jioni anamgonga mwenye bodaboda pale Tabata. Trafiki anaingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA wa kumbukumbu za bima, na haoni kitu. Kisheria, ada isipolipwa hakuna bima, na kampuni itasema hivyo bila kusita. Aliyegongwa yuko hospitali, mteja wako yuko kituoni, na swali la kwanza la kila mtu ni: hela alipewa nani?

Nimewaona watu wazuri, wasio wezi kwa tabia, wakipoteza leseni na heshima kwa "kuazima" kwa siku tatu. Dawa yake ni moja na haina ujanja: mteja alipe mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni, kwa namba ya malipo au kwenye akaunti yake, na wewe usiguse. Mteja akikuambia "nikatie leo, nitalipa mwisho wa mwezi", mweleze kwa upole kwamba huna uwezo huo. Wala usimlipie kutoka mfukoni ili asikukimbie. Utageuka mkopeshaji, na madeni ya bima ni magumu kudai kwa sababu mteja anaona hajapokea kitu cha kushika.

Na kuna ile simu ya usiku: "Ndugu yangu, nimegonga, bima iliisha juzi, niwekee tarehe ya nyuma." Wakati mwingine anayepiga ni rafiki wa kweli, analia. Mfumo unarekodi saa na dakika bima ilipotolewa, kwa hiyo hata hilo haliwezekani kimyakimya kama zamani za stika za karatasi. Lakini hata lingewezekana, ungekuwa unaiba kutoka kwenye kapu la wale kaya hamsini.

Kamisheni mbona ndogo?

Kiwango cha kamisheni kinatofautiana kulingana na aina ya bima na mkataba wako na kampuni. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue asilimia 10. Bima ndogo ya Sh100,000 inakupa Sh10,000 kabla ya kodi. Ukitaka Sh500,000 kwa mwezi utafute magari hamsini kila mwezi. Ni mbio zisizo na pumzi.

Bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolibeba na gari lenyewe, kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la Sh20 milioni ada yake ni Sh700,000, na ukiongeza VAT mteja analipa Sh826,000. Kamisheni kwa asilimia ile ile ni Sh70,000. Mteja mmoja wa bima kubwa ni sawa na saba wa bima ndogo. Si kwamba uwadharau wa bima ndogo. Wengi wao ndio watakaokuja kununua gari la pili, kufungua duka, kujenga.

Ila siri ya kazi hii iko mwaka wa pili. Bima nyingi za mali ni za mwaka mmoja. Ukiwapata wateja kumi kwa mwezi, mwaka unaisha ukiwa na 120. Tuseme 80 wanahuisha. Unauanza mwaka wa pili ukiwa na kamisheni za watu 80 ambao huhitaji kuwatafuta upya, kisha unaongeza wapya juu yao. Wanaoacha kazi mwezi wa sita wanaacha shamba kabla ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa kwanza uwe na chanzo kingine cha kula, hata kama ni genge la mama au bajaji ya jioni. Kuingia kwenye bima ukiwa na njaa ya leo kunakusukuma kusema uongo ili uuze.

Bima ndogo, bima kubwa na mtu wa tatu

Hakuna jambo linalozua ugomvi zaidi ya hili. Mteja ana bima ndogo, anagonga mti, anakuja na picha za bampa iliyovunjika akitaka alipwe. Anaambiwa hapana, na anatoka akitangaza kwamba kampuni za bima ni matapeli.

Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule aliyekuwa anapita zake, ukamgonga. Bima ndogo ni kwa ajili ya huyo wa tatu, na ndiyo ambayo sheria ya bima za magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayeingiza gari barabarani awe nayo. Lengo lake ni kwamba mama aliyegongwa akivuka Morogoro Road asikose matibabu kwa sababu aliyemgonga hana kitu. Gari la mteja mwenyewe halimo kabisa. Bima kubwa ndiyo inayolibeba gari lake pia: ajali, moto, wizi, kwa masharti yaliyoandikwa, na mara nyingi kuna kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho anakibeba mwenyewe.

Maneno haya yanachukua dakika mbili. Yaseme kabla hela haijatoka, na umwombe mteja ayarudie kwa maneno yake. Akishindwa, hajaelewa. Mweleze tena.

Fomu unayoijaza kwa haraka

Bima inasimama juu ya ukweli. Kampuni haijawahi kuliona duka la mteja wala kujua gari lake linafanya kazi gani. Inaamini kilichoandikwa kwenye fomu ya maombi. Kikiwa si kweli, hata kwa bahati mbaya, fidia inaweza kukataliwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimkatia bima kubwa kijana mmoja wa Sinza. Niliona gari lina namba za njano, nikaandika "matumizi binafsi" bila kumuuliza, nikamgeuzia fomu asaini. Kumbe jioni alikuwa anabeba abiria kwa programu ya simu. Miezi minne baadaye akagongana akiwa na abiria ndani. Kampuni ikachunguza, ikakataa kulipa, na kwa mujibu wa mkataba ilikuwa na haki. Hakuilaumu kampuni. Alinipigia mimi na kuniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini sikumuuliza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tangu siku ile fomu naisoma kwa sauti, swali baada ya swali, hata mteja akitazama saa.

Jambo lingine la kuuliza bila aibu ni thamani ya mali. Wateja hupunguza thamani ili ada iwe ndogo, na mawakala hukubali ili mauzo yapite. Tuchukue stoo yenye mali ya Sh80 milioni iliyokatiwa bima kana kwamba ina ya Sh40 milioni. Moto unaunguza mali ya Sh20 milioni. Mteja anasubiri Sh20 milioni, kwa sababu "bima yangu ni ya 40". Atalipwa Sh10 milioni. Alichangia nusu ya mali, kwa hiyo anafidiwa nusu ya hasara. Wanaokatiwa kwa thamani pungufu wanadhani wamejikinga, na ukweli wataujua siku mbaya kuliko zote.

Utakayosikia kila siku

"Nimelipa miaka mitano sijapata kitu, nirudishieni hela yangu." Mkumbushe mlinzi wa usiku. Mwezi ukiisha bila mwizi kuja, humwambii arudishe mshahara. Bima ya mali si akiba. Zipo bima za maisha zenye sehemu ya akiba ndani yake, na hizo zina masharti yake ya muda; usizichanganye mbele ya mteja.

"Bima ya maisha ni uchuro." Watu wanaogopa kujichulia kifo, na hofu hiyo usiicheke. Mimi huwa siongelei kifo kabisa mwanzoni. Nauliza ada ya shule ya watoto inatoka wapi, na ikitokea mwezi mmoja haijatoka, nani atalipa. Mazungumzo yanaendelea yenyewe.

"Bima ni haramu." Hili utalisikia Tanga, Unguja, Pemba, na hata Kariakoo, na anayelisema ana hoja: mkataba wa bima ya kawaida una riba na mambo yasiyo bayana. Usibishane naye. Ipo takaful, ambamo wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana na hela haiwekezwi kwenye riba. Kama kampuni yako haina, mwelekeze kwenye yenye nayo. Utapoteza kamisheni moja na utabaki na jina.

"Wewe ni wa ile kadi ya hospitali?" Hapana. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria yake ya mwaka 1999, na mpango wa bima ya afya kwa wote una sheria yake ya 2023. Leseni yako haikufanyi kuwa mtu wa NHIF, ingawa kampuni binafsi nazo zina bima za afya ambazo huenda ukaziuza.

"Kampuni hazilipi." Zipo zinazochelewesha, na si haki kumficha mteja. Mwambie kwamba akiona ameonewa anaweza kulalamika kampuni, kisha TIRA, na kwamba ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili hiyo. Wakala anayetaja njia za malalamiko kabla ya kuuza huaminiwa haraka kuliko anayeapa kwamba matatizo hayapo.

Wateja wa kwanza

Usianze kwa kuwabana ndugu. Watakukatia kwa kukuonea huruma na mwaka ujao hawatahuisha. Wala usihangaike na wenye mikopo ya benki, maana bima zao kwa kawaida zinamalizikia kaunta. Nenda mahali ambapo kaunta haifiki: kijiwe cha bodaboda, ukianza na mwenyekiti wake, wenye stoo za mazao, fundi mwenye gereji, ambaye anawajua wenye magari kuliko mtu yeyote mtaani, shule ndogo binafsi yenye basi moja, wakandarasi wadogo wanaotakiwa kuweka dhamana za bima kwenye zabuni.

Usiende na kipeperushi. Nenda na swali: bima yako inaisha lini? Mwenye gari atakuonyesha ujumbe kwenye simu. Andika tarehe, namba ya gari na namba ya simu, kisha ondoka bila kuuza chochote. Wiki tatu kabla ya tarehe hiyo mpigie. Daftari lenye tarehe mia mbili lina thamani kuliko fremu yoyote ya barabarani. Langu la kwanza lilikuwa la kurasa 96, la dukani, na bado ninalo.

Mpigie pia katikati ya mwaka, siku ambayo huna cha kumuuzia. Muulize kama ameuza gari, amehamisha duka, amebadilisha dereva. Mabadiliko hayo kampuni inapaswa kuyajua, na wengi hawajui hilo.

Halafu itakuja siku ya madai, pengine saa nne usiku. Uliza kwanza kama kuna aliyeumia. Majeruhi anahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali kabla ya maneno ya bima. Mwambie mteja asikubali kosa wala kuahidi malipo barabarani, aripoti polisi, apige picha za magari yote yakiwa palepale yalipogongana, na asiruhusu gereji iguse gari kabla mtathmini wa hasara hajaliona. Asubuhi iandikie kampuni taarifa, hata kama mteja naye ameandika. Mtathmini akienda gereji kulikagua gari, nenda naye. Hakuna anayekulipa kwa safari hiyo, lakini mteja atakuona umesimama pale, fundi atakuona, na mwenye lile gari jingine la kwenye ajali, ambaye bima yake ilikatwa na mtu asiyepokea simu, atakuuliza namba yako.